Uvimbe Usio na Haraka

Uwe Mvumi Misheni unaanua mtama, uwe Handali unarudisha mifugo, uwe ndani ya daladala pale Dodoma mjini na kondakta bado anatafuta mtu wa kukaa kwenye nusu kiti, karibu tuzungumze.

Leo naanza na ubuyu. Nimelitaja neno tu, na wewe tayari unameza mate. Hayo mate yametoka wapi? Yametoka kwenye tezi. Tunazo kubwa tatu kila upande: moja mbele na chini ya sikio, moja chini ya taya, moja chini ya ulimi. Pamoja na hizo kuna vijitezi mamia vilivyotapakaa kwenye kaakaa, midomo na mashavu. Ile ya sikio unaifahamu hata kama hujui jina lake. Ndiyo inayovimba mtoto akipata matubwitubwi.

Lakini kuna uvimbe mwingine wa pale pale chini ya sikio, ambao si matubwitubwi na hauondoki baada ya wiki. Hauumi. Hauna homa. Unakua polepole kama mbuyu: mwaka huu huoni tofauti, mwaka ujao huoni tofauti, mwaka wa sita jirani anakuuliza, "Hilo shavu limekuwaje?" Mara nyingi si saratani. Na kwa kuwa si saratani, watu wawili hulichukulia jambo kirahisi: mgonjwa anayesema litaondoka lenyewe, na mpasuaji anayesema litatoka dakika kumi. Mazungumzo ya leo ni juu ya madhara yanayobaki baada ya upasuaji wa uvimbe huu, na jinsi ya kuyapunguza.

Mama yangu mdogo alikuwa nao. Ulianza kama kunazi, ukawa kama ndimu, ukafika yai la kuku. Yeye alijua kufunga kitenge kichwani kwa namna ya kuuficha, na kwa muda mrefu sisi wa nyumbani tuliona kitenge tu. Siku moja akaenda mahali fulani, sitapataja, akachomwa sindano ya ganzi, akachanwa, donge likakamuliwa nje, akashonwa. Alirudi nyumbani jioni ile ile amefurahi. Hakuna aliyemuuliza donge lilikwenda wapi. Lilikwenda kwenye ndoo.

Miaka ilipita. Uvimbe ukarudi, na safari hii haukuwa mmoja. Ukipapasa chini ya lile kovu ulikuta vigololi vimepangana kama shanga. Upasuaji wa pili ulifanyika hospitali kubwa, ulichukua saa nyingi, na alipoamka nusu ya uso wake ilikuwa imelala. Jicho la upande ule halikufumba. Mdomo ulikwenda upande. Alikuwa hawezi kupuliza moto wa kuni: akijaza hewa mashavuni inatorokea pembeni, na moshi unamwingia kwenye jicho ambalo haliwezi kujifunga.

Kwa nini donge la chini ya sikio liguse jicho? Hapo ndipo penye siri ya upasuaji huu wote.

Nyuma ya sikio, ndani ya mfupa, unatoka mshipa wa fahamu unaoendesha uso. Unaingia katikati ya tezi ile ya mate, na humo ndani unagawanyika, kwa kawaida matawi makuu matano: la paji, la jicho, la shavu, la mdomo wa chini, na la shingo. Wapasuaji wa kale waliona umbo hilo wakaliita mguu wa bata bukini. Sasa fikiria bata amekanyaga tope, na tope likamfunika mguu. Tope ndiyo tezi. Uvimbe umeota ndani ya tope hilo, mara nyingi juu ya mguu, mara nyingine chini yake. Wewe umeambiwa utoe jiwe lililo kwenye tope bila kuchubua kidole hata kimoja cha bata. Ukiingia kwa papara, utatoa jiwe pamoja na kidole.

Mtu asiseme huu ni ugonjwa wa vitabu vya Wazungu. Mwaka 2003 wataalamu wetu Masanja, Kalyanyama na Simon waliandika kuhusu uvimbe wa tezi za mate Tanzania katika jarida la East African Medical Journal. Mwaka uliofuata Vuhahula akaandika kuhusu Uganda katika African Health Sciences. Upo, unaonekana, unapasuliwa. Vitabu vya udaktari hufundisha kanuni nyepesi kukumbuka: kati ya uvimbe wa tezi za mate, takriban 80 katika 100 huota kwenye tezi ya sikio, na wa tezi hiyo takriban 80 katika 100 si saratani. Ulio mwingi kuliko wote huitwa pleomofiki adenoma, au kwa lugha ya zamani uvimbe mchanganyiko, kwa sababu ukiutazama kwenye hadubini unaona chembe za aina mbalimbali zimechanganyika.

Basi nisikilize neno langu kuu la leo. Uvimbe huu hauna haraka. Saratani inakimbia, jipu linaunguza, jeraha linavuja damu, hayo yote yanamlazimisha daktari akimbie nayo. Huu haukimbii. Unampa daktari na mgonjwa muda wa kupima, wa kwenda panapostahili, wa kumtafuta mwenye mkono uliozoea. Kwa hiyo madhara mengi yanayobaki usoni mwa watu yalikuwa na muda wa kuepukwa. Wahenga walituambia haraka haraka haina baraka. Ni hao hao waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hilo nalo nitalifikia, maana muda si ruhusa ya kulala.

Muda wa kwanza ni wa kujua donge ni nini. Upasuaji ulio salama kuliko wote ni ule uliogundulika kwamba hauhitajiki. Ukivimba chini ya taya kila ukila ubuyu au ndimu, ukasikia maumivu, kisha ukanywea baada ya saa moja au mbili, mara nyingi hilo ni jiwe limeziba njia ya mate. Ukivimba masikio yote mawili, laini, polepole, kwa mtu mzima, daktari makini atashauri kipimo cha Virusi Vya UKIMWI kabla ya kisu, kwa sababu virusi hivyo huweza kujaza tezi hizi vifuko vya maji, na dawa za kufubaza virusi huvipunguza kwa wengi. Na katika nchi yetu kuna kifua kikuu cha tezi, kinachojificha pale pale na kutibiwa kwa vidonge. Wagonjwa wa aina hizo tatu wakipelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji, tumewapa hatari ya mshipa wa uso bila sababu.

Kipimo cha kuwatenganisha hakitishi. Ultrasaundi huonyesha donge limekaa wapi na lina nini ndani. Kisha sindano nyembamba, nyembamba kweli, hufyonza chembe kidogo zikatazamwe maabara. Kinachotakiwa kuepukwa ni kuchana ngozi na kukata kipande cha donge kwa juu "ili tuone". Uvimbe mchanganyiko ukishachanwa, mbegu zake zinamwagika kwenye nyama ya jirani.

Hapa nataka nikupe mfano wa kwetu, watu wa Chinangali watanielewa. Chukua zabibu mbivu. Ngozi yake ni nyembamba, ndani ni maji na nyama laini. Ukiikata na kikonyo na kuibeba kwenye kiganja, umeipata nzima. Ukiibana kati ya vidole viwili kwa nguvu, inapasuka, majimaji yanaruka hata kwenye shati, na huwezi kuyarudisha. Uvimbe huu una ganda la namna hiyo, tena ganda lisilo sawa: mahali pengine nene, mahali pengine halipo kabisa, na vichipukizi vidogo vinavyojitokeza nje yake. Ndiyo maana kukamua donge peke yake, njia iliyotumika sana hapo zamani, iliacha uvimbe urudi kwa wagonjwa wengi. Vitabu hutaja kati ya 20 na 45 katika 100. Wapasuaji walipobadili njia, wakaanza kuutoa pamoja na nyama nzima ya tezi inayouzunguka, kurudi kukashuka hadi kiasi cha mgonjwa mmoja hadi wanne katika 100. Mama mdogo alikamuliwa zabibu. Zile shanga zilizoota chini ya kovu zilikuwa matone yaliyomwagika siku ile.

Na kurudi kwa uvimbe ni dhara baya kuliko linavyosikika. Mara ya pili mpasuaji hakuti tena tope laini. Anakuta kovu gumu, na mshipa wa uso umegandamana nalo. Mara ya kwanza ndiyo nafasi bora, na hairudi.

Tuingie sasa chumbani. Mgonjwa amelala usingizi kamili. Kwanza tazama kitu kidogo ambacho hakigharimu hata shilingi: uso wake haujafunikwa wote. Kona ya jicho na kona ya mdomo zimeachwa wazi, au zimefunikwa kwa karatasi angavu ya plastiki, na kuna mtu amepewa kazi moja tu, kuutazama uso huo. Mtaalamu wa usingizi naye ameshaambiwa asimpe mgonjwa dawa ya kulegeza misuli ya muda mrefu, ili mshipa ukiguswa misuli iitike. Mkono wa mpasuaji ukikaribia tawi, kona ya mdomo inacheza, na yule mtazamaji anasema, "Umecheza." Mpasuaji anasimama. Hospitali zenye uwezo zina mashine inayolia badala ya mtu huyo, na kuna kijiti cha umeme mdogo cha kuuliza kila uzi, "Wewe ni mshipa au si mshipa?" Vinasaidia. Lakini mashine haimbadilishi asiyeujua mguu wa bata ulipo.

Kisha mpasuaji hafuati donge kwanza. Hili ndilo geni kwa mtu wa kawaida. Donge linaonekana, linajitokeza, linamwita, naye analiacha. Anakwenda nyuma, kwenye gegedu la mbele ya tundu la sikio, lenye ncha inayoelekeza ndani kama kidole, na kwenye msuli unaopita chini yake. Hapo ndipo shina la mshipa lilipo. Analitafuta polepole, anapangusa damu kila inapotokea, kwa sababu kwenye bwawa la damu hakuna anayetambua uzi mweupe. Akishaliona shina, analifuata tawi kwa tawi, anafungua tezi juu yake kama mtu anayefukua bomba la maji lililozikwa bila kulitoboa. Donge linatoka mwisho, likiwa limevikwa nyama yake. Kwa donge dogo lililokaa juu juu, wapo wapasuaji wazoefu wanaotoa kipande kidogo zaidi cha tezi bila kufukua mshipa wote, na uso hupata usumbufu mdogo. Neno ni "wazoefu". Njia ya mkato ni ya anayeijua njia ndefu.

Hata kwenye mikono mizuri, uso unaweza kulegea kwa muda. Tofauti ni kubwa kati ya hospitali na hospitali, lakini si ajabu wagonjwa wawili au watatu katika kila kumi wakaamka na kona ya mdomo imechoka, kwa sababu mshipa umevutwa au umevimba tu. Wengi hurudi katika hali yao baada ya wiki au miezi. Udhaifu wa kudumu, mshipa usipokuwa umekatwa na mkono ukiwa umezoea, ni wa wachache, chini ya watano katika 100. Mgonjwa aambiwe haya kabla, kwa Kiswahili au kwa Cigogo, akiwa na ndugu yake, si kwenye machela akielekea ndani. Na kabla ya siku hiyo daktari amwambie: kunja paji, fumba macho, jaza mashavu, onyesha meno, aandike alichokiona. Uso uliolegea kabla ya upasuaji ni dalili ya saratani, na ni habari nyingine kabisa. Hali kadhalika donge linalokua ghafla, linalouma, au lililoganda kwenye ngozi. Hapo naifuta kauli yangu ya kwanza: huo una haraka.

Nimeongea juu ya mkono wa mpasuaji. Lakini hebu tutoke kidogo, tushuke hadi Ifakara, mkoa wa Morogoro. Kati ya 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu karatasi moja katika hospitali nane duniani. Miji ilikuwa Toronto, Seattle, London, Amman, New Delhi, Manila, Auckland, na Ifakara yetu. Karatasi yenyewe ilikuwa na mambo 19 ya kusomwa kwa sauti kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Mgonjwa ni nani? Upande upi? Amepewa dawa ya kuzuia maambukizi? Pamba zimetimia? Sampuli imeandikwa jina? Matokeo yalichapishwa 2009: madhara makubwa baada ya upasuaji, hospitali zote nane zikijumlishwa, yalishuka kutoka 11 hadi 7 katika kila wagonjwa 100, na vifo kutoka 1.5 hadi 0.8. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa. Watu walisimama dakika mbili wakaulizana.

Nayataja haya kwa sababu maswali mawili kati ya hayo yanaugusa ugonjwa wa leo moja kwa moja. "Upande upi?", kwa maana sikio lipo la kulia na la kushoto. Na "Sampuli imeandikwa jina?", kwa maana donge lisilofika maabara ni donge lisilojulikana. Kipimo cha sindano kinakisia vizuri, lakini anayesema neno la mwisho ni mtaalamu wa patholojia aliyelikata donge zima na kulitazama. Msikilizaji, ukipasuliwa wewe au mama yako, uliza: "Kilichotolewa kimepelekwa wapi, na majibu yanakuja lini?" Si utovu wa adabu. Ni mali yako.

Sasa tumetoka chumbani, kidonda kimefungwa, kuna kamrija kanakotoa damu na majimaji ili visituame chini ya ngozi. Usiku ule muuguzi anatazama mambo mawili. La kwanza, shavu lisivimbe ghafla likawa gumu, maana hilo ni donge la damu, na wanaitwa wapasuaji hapo hapo. La pili ni jicho.

Na kwenye jicho, wasikilizaji, Mvumi haihitaji kufundishwa na mtu. Hospitali ya Mvumi, ya Kanisa Anglikana Dayosisi ya Central Tanganyika, imejulikana nchi nzima kwa macho. Daktari Mwingereza Allen Foster, aliyefanya kazi hapa miaka ya 1970 na 1980, aliandika kuhusu watoto waliopofuka kwa vidonda vya kioo cha jicho, akaonyesha jinsi surua, upungufu wa vitamini A na dawa za kienyeji za kutia machoni vilivyochangia. Wazee wa hapa wanajua kioo cha jicho kikikauka na kuchubuka kinakuwa nini: kinakuwa cheupe, na nuru inakwisha. Mtu ambaye kope zake hazifumbi baada ya upasuaji wa tezi yuko kwenye njia hiyo hiyo, ila amepitia mlango mwingine. Muweke huyo kwenye upepo wa Agosti wa Chamwino, na vumbi lile jekundu, bila kinga, uone.

Mama mdogo aliokolewa na muuguzi wa macho. Ni yeye aliyemkalisha chini akamfundisha: matone ya kulainisha jicho mara nyingi mchana, mafuta ya jicho usiku, kisha chukua kidole, teremsha kope la juu mpaka likutane na la chini, na ubandike plasta kwa ulalo, isiguse kioo chenyewe. Mchana vaa miwani ukitoka nje. Kila baada ya muda fumba jicho kwa kidole, kama unavyomfumba mtoto anayekataa kulala. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likipungua kuona, njoo siku hiyo hiyo, usisubiri kliniki ya Jumatatu. Yote hayo hayakuhitaji zaidi ya chupa ya matone, tyubu ya mafuta, plasta na robo saa ya mtu mwenye subira.

Mengine nitayapitia haraka. Mate yanaweza kuvuja kwenye kidonda, hasa wakati wa kula. Bandeji ya kukaza na subira ya siku au wiki kadhaa huyakausha kwa wengi, na madaktari wengi humwambia mgonjwa akae mbali na vinavyovuta mate. Naam, ubuyu umepigwa marufuku kwa muda, na ukwaju pia. Ndewe ya sikio inaweza kufa ganzi, kwa kuwa mshipa wake wa hisia unapita pale pale. Mpasuaji anaweza kulihifadhi tawi la nyuma akikumbuka, na akumbuke, maana huku kwetu wapo wazee waliotogwa masikio na wamama wa hereni, na mtu asiyehisi ndewe yake huichana bila kujua.

Kuna jambo moja la ajabu sitaliacha. Miezi baada ya kupona, mgonjwa anaweza kukaa kula, na shavu likaanza kutoka jasho na kuwa jekundu. Si kurogwa, tafadhali. Nyuzi za fahamu zilizokuwa zinaamuru tezi itoe mate zimekatwa, zikaota upya, zikapotea njia na kujishika kwenye tezi za jasho za ngozi. Chakula kikija amri inatoka "toa mate", anayepokea ni ngozi. Mwanamke wa Kipolandi, Łucja Frey, daktari wa mishipa ya fahamu, ndiye aliyeeleza jambo hili vizuri mwaka 1923, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Mpasuaji anaweza kulipunguza kwa kuweka pazia la nyama kati ya ngozi na tezi kabla ya kushona, pazia ambalo pia huziba shimo linalobaki shavuni. Likitokea, kuna sindano za kulituliza. Lakini wengi hutosheka kujua jina lake na kubeba leso.

Nilisema muda si ruhusa ya kulala. Uvimbe mchanganyiko ukiachwa miaka mingi unaweza kugeuka saratani. Vitabu hukadiria hatari hiyo inapanda kadiri miaka inavyosonga, hata ikafika kiasi cha mmoja katika kumi baada ya miaka 15. Na kadiri donge linavyokua, ndivyo mguu wa bata unavyozidi kubanwa. Yai la kuku ni kazi ngumu kuliko kunazi. Kwa hiyo muda ninaouzungumzia ni wa miezi, si wa miongo. Unatosha kutoka zahanati hadi Mvumi, kutoka Mvumi hadi Hospitali ya Benjamin Mkapa au ya Rufaa ya Mkoa pale mjini, na ikilazimu hadi Muhimbili, ambako kwa treni ya umeme iliyoanza 2024 unaondoka Dodoma asubuhi na kuwa Dar es Salaam kabla ya jioni.

Na hapa nawageukia wenye kupanga bajeti, maana nao wana redio. Mgonjwa mwenye uvimbe wa polepole hukata tamaa polepole vile vile. Akiambiwa nauli, kulala, kipimo, rudi mwezi ujao, atamkumbuka yule wa dakika kumi aliye karibu. Ukitaka madhara yapungue, mpunguzie safari huyu mtu: sindano nyembamba ichomwe wilayani na chembe zisafiri badala ya mgonjwa, majibu yarudi kwa simu, wapasuaji wanaoujua mshipa wa uso wapangiwe siku za kuja kupasua pamoja na madaktari wa wilaya, ili ujuzi ubaki. Na daktari wa wilaya anayesema, "Hili si langu, nakuandikia rufaa," asionekane mwoga. Huyo amepunguza madhara kuliko sisi wote tunaoongea.

Jicho la mama mdogo lilianza kurudi mwezi wa nne. Hakutuambia. Tulijua siku moja asubuhi, nimekaa mlangoni nasubiri chai, yeye ameinamia jiko la mafiga matatu. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukamjia usoni wote. Akajaza mashavu akapuliza. Hewa kidogo ikatorokea pembeni, moto ukashika hata hivyo. Nikatazama lile jicho, nikitegemea mkono wake upande kulifumba kwa kidole kama alivyozoea.

Mkono haukupanda. Jicho lilishajifumba lenyewe.

Chai ikachemka.